Kocha kamwambia mtoto asimame mlangoni

Jamani naandika hasira bado zimenikaba. Nimetoka shifti ya usiku kule nyumba ya wazee, saa moja asubuhi, hata viatu sijavua, nakuta mtoto wa dada yuko kwenye simu ya video na kocha. Huyu mtoto ni wa Morogoro, anacheza kikapu chuo hapa Marekani, ana mita 2.11, likizo anakuja kwangu. Tangu jina lake liingie kwenye potali ya kuhama siku nne zilizopita simu hailali. Sasa huyo kocha hajamsalimia mtu, hajauliza mama yako mzima, anamwambia vua viatu sogea mlangoni nikuone. Mtoto akavua, akasimama pembeni ya mlango wa jikoni, kichwa kikaipita fremu. Haya onyesha viganja. Akatandaza vidole mezani pembeni ya sahani yake ya ugali wa jana, na kocha anachekelea. Mimi nimekulia karibu na mnada, najua mnunuzi anavyomfunua ng'ombe mdomo kuangalia meno. Nikaingia bafuni nikalia.

Kwa msiojua, hii potali ilianza 2018. Mchezaji anaiambia ofisi ya chuo chake nataka kuhama, ndani ya siku mbili za kazi jina linaingizwa, na hapo kocha wa chuo chochote anaruhusiwa kumtafuta. Zamani ukihama ulikuwa unakaa mwaka mzima bila kucheza, hiyo ndiyo Marekani aliyoikuta Hasheem Thabeet wetu, Mtanzania aliyecheza kikapu chuo huku. 2021 wasimamizi wa michezo ya vyuo wakaruhusu kuhama mara moja bila kukaa nje, 2024 wakafungua kabisa, masomo yako yakiwa sawa hama kila mwaka ukitaka. Na wanaogombaniwa sana ni warefu, maana wafupi wenye kufunga wapo kila kona ila mtu wa mita mbili na kitu anayekimbia, anayedaka mpira na kulinda goli huyo haonekani kirahisi, na chuo faulo tano unatoka kwahiyo kila timu inataka warefu watatu wanne hata kama wa kucheza ni mmoja.

Hapo ndipo mwanangu alipoumia. Kocha aliyemleta kahamia chuo kingine, mpya kaja na warefu wake kutoka potali hiyohiyo, mtoto akawa wa tatu kwenye foleni, anaingizwa dakika mbili timu ikishashinda au ikishapigwa.

Nyumbani nako wamesikia mamilioni. Shemeji kanipigia anaulizia hela ya mabati, eti wachezaji wa chuo wanalipwa siku hizi. Ni kweli wanalipwa, tangu Julai 2021 wanaruhusiwa kula matangazo kwa jina lao, na tangu Julai 2025 vyuo vyenyewe vinaweza kuwalipa. Lakini mtoto wetu yuko kwenye viza ya F-1, viza ya mwanafunzi, na hiyo haikupi ruhusa ya kufanya kazi hovyo ukiwa ndani ya Marekani. Oscar Tshiebwe wa Lubumbashi alihama kutoka chuo cha West Virginia kwenda Kentucky, akadaka ribaundi 15 kwa mechi, yaani mipira iliyorushwa ikakosa kuingia, 2022 akachaguliwa mchezaji bora wa vyuo nchi nzima, na bado hela za matangazo ilibidi akazifanyie kazi Bahamas, nje ya Marekani, timu ilipoenda kucheza huko Agosti, kwa sababu ya viza hiyohiyo. Bora wa nchi nzima! Sasa wewe unayeambiwa na wakala njoo tu kuna dola, muulize kwanza viza gani na mwanasheria yupi kaisoma.

Na mkiwa na watoto warefu huku, msiwaache waingie potali kwa hasira. Ukishaingia chuo chako kina haki ya kukukatia skolashipu muhula ukiisha, na usipopata pa kuhamia karatasi zako za uhamiaji zinaanza kuhesabu siku. Kwa Mmarekani ni kurudi kwa mama yake mtaa wa pili. Kwetu ni ndege ya kurudi Dar.

Jana jioni kapiga kocha msaidizi wa chuo kidogo tu. Kaomba kwanza aongee na mimi. Kanisalimia, kauliza mtoto anasoma nini, kauliza mama yake yuko wapi na kule ni saa ngapi sasa hivi. Halafu kasema wazi, tuna senta anayerudi, yaani mrefu wa kucheza karibu na goli, mwanao ataanzia nyuma yake, dakika kumi labda, nisikudanganye, ila masomo ya kiangazi na chakula tunalipa sisi, na nipe tarehe za karatasi zake ofisi ya wanafunzi wa kigeni ianze leo. Urefu hakuuliza kabisa. Nilikaa na simu mkononi muda mrefu baada ya kukata, sijazoea mtu wa huku kuniambia ukweli unaomuharibia biashara yake.

Mtoto mwenyewe hakusema kitu, aliosha vyombo vyote, na kwa kawaida havioshi. Halafu akaniuliza, mamdogo, dakika kumi si nyingi kuliko mbili?

Jumamosi tunaenda kukiona hicho chuo, masaa manne, naendesha mimi. Maswali nimeshayaandika kwenye karatasi, la kwanza ni kitanda, maana chuo alichotoka alilala mwaka mzima miguu ikining'inia nje.