Meza ya Mama

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Wiki hii nimeshindwa kuvuka Luka 12:13. Mtu mmoja katika mkutano anamwambia Yesu, "Mwalimu, mwambie ndugu yangu anigawie urithi wetu." Andiko hilo limenigusa penye kidonda. Nyumbani kwetu tumegawana vitu vya marehemu mama, na vyote vilikwenda kwa amani mpaka tulipofika kwenye meza.

Ni meza ya mbao tu, mama naye aliachiwa na bibi. Mguu mmoja umeungwa, na mtoto wa meza hafunguki usipomwinua kidogo. Hapo sote tulijifunzia kuandika. Hapo mama alifungua Biblia usiku, akatutaja mmoja mmoja mbele za Mungu, na waliokoseana hawakwenda kulala kabla ya kupatana. Leo meza hiyohiyo imewanyamazisha watoto wake. Dada hapokei simu ya kaka. Nami naitaka, siwafichi. Naitaka mpaka usingizi unanipaa.

Bwana hakumkatia yule mtu fungu lake. Alisema, "Angalieni, jilindeni na choyo." Wapendwa, choyo si cha mashamba na majumba peke yake. Hujificha vizuri zaidi katika kitu cha bei ndogo, kwa sababu hapo tunakiita upendo wa mama. Kuna atakayenijibu kwa Nabothi, aliyekataa kutoa urithi wa baba zake. Ni kweli, lakini Nabothi alimkatalia mfalme mwenye tamaa. Hakumfungia mlango dada yake.

Mimi namtazama Abramu katika Mwanzo 13. Wachungaji wake na wa Lutu, mwana wa ndugu yake, wanagombana. Yeye ndiye mkubwa, ndiye mwenye ahadi, na angeweza kuchagua kwanza asilaumiwe na mtu. Akamwambia kijana, ukienda kushoto, mimi nitakwenda kuume. Kwa kuwa sisi ni ndugu. Lutu akachukua bonde lenye maji. Na Mungu akasema na Abramu baada ya Lutu kuondoka, si kabla!

Ndugu yangu, kama kuna kabati, kitanda au kiti kilichosimama kati yako na mtu wa tumbo moja nawe, kiachie. Naam, hata kama haki ni yako. Unawezaje kuinua mikono Jumapili na hujamsalimu dada yako tangu matanga? Mpigie leo, asipopokea mpigie kesho. Nanyi wazazi mlio hai, semeni mapema nani achukue nini, watoto wote wakisikia. Msiwaachie kazi hiyo siku za machozi.

Jumamosi tunakutana sote, watoto wa mama. Nimekusudia kuanza kwa neno la Abramu, wengine wachague kwanza. Mwili bado unakataa. Niombeeni.