Nilivyorudishiwa 23,500 zangu kila mwezi kwenye PAYE, kodi ya mshahara

Ushauri mbovu nilipewa bure, tena na ndugu. Binamu yangu wa Nairobi alinipigia akanipa somo zima: waambie wakate NSSF (akiba ya uzeeni) kwanza, ndipo kodi ihesabiwe kwa kilichobaki, halafu udai nafuu yako ya kila mwezi, yaani kiasi kinachopunguzwa kwenye kodi. Kwao Kenya ndivyo. Nikamwendea mhasibu wetu hapa Kampala, kifua mbele. Alicheka mpaka akavua miwani. Uganda nafuu hiyo haipo. Kuna 235,000 za kwanza za kila mwezi zisizotozwa mkazi, basi. Na asilimia 5 ya NSSF unakatwa, lakini PAYE inapigwa kwenye mshahara mzima.

Mwingine, wa ofisini, akasema nitafute kazi ya pili ili kodi "igawanyike". Huyo sikumjibu. Zile 235,000 hupewi mara mbili.

Usiku nikakaa na slipu yangu na kalamu. Mshahara tuseme 1,600,000. Mkazi anayepata zaidi ya 410,000 hulipa 25,000 na asilimia 30 ya kinachozidi hapo. Jumla 382,000. Slipu inasema 405,500. Nikarudia hesabu, ikagoma kubadilika. Tofauti 23,500. Nikaitazama sana namba ile, na hapa ndipo ninapojisifu: ni asilimia 10 ya 235,000, kamili! Maana yake kuna mtu alinitoza tangu shilingi ya kwanza. Na anayetozwa hivyo ni asiye mkazi.

Mhasibu hakukataa. "Ssebo (bwana), wewe pasipoti yako si ya Kenya?"

"Ya Kenya, nnyabo (mama). Lakini sheria inauliza uraia au inauliza ninapoishi?"

Haiulizi uraia. Ukiwa na makao ya kudumu Uganda, wewe ni mkazi. Ukikaa siku 183 au zaidi ndani ya miezi 12, mkazi. Hata ukiwa umekuwepo mwaka huo na miwili iliyotangulia kwa wastani wa zaidi ya siku 122 kila mwaka, mkazi. Akasema nilete ushahidi. Mtu mwingine angeleta barua ndefu. Mimi nilinunua kalenda za ukutani, zile za picha za maua, nikapaka nyekundu kila siku niliyokuwa Mombasa kwa kufuata mihuri ya mpaka wa Malaba kwenye pasipoti. Nikazitundika mbele ya meza yake. Wekundu wenyewe ulikuwa Idi zote mbili na harusi ya dada yangu, kwingine kweupe. Juu yake nikabandika mkataba wa nyumba ninayokaa Ntinda, hapa Kampala. Ofisi nzima ilikuja kutazama, hata mlinzi.

Kalenda moja haitoshi, kwa sababu mwaka wa kodi unaanza Julai na kuishia Juni, kwa hiyo gundisha mbili. Gharama? Kalenda, fotokopi na boda, hela ya chakula cha mchana.

Mshahara uliofuata ulikatwa 382,000. Za nyuma nimezidai kwenye ritani yangu ya mwaka, na mhasibu mwenyewe ndiye aliyenisaidia kuijaza. Kalenda amekataa kuzirudisha, kwa vile kuna Mtanzania wa stoo naye ameanza kuuliza.