Mpira Mmoja wa Maji, Miti Miwili: Mwembe na Mparachichi Uani Kwangu

Tulipohamia Kihonda, hapa Morogoro, uani hapakuwa na kitu ila jua. Masika ya 2017 nikanunua miche miwili ya kubebeshwa, yaani kikonyo cha aina nzuri kimeungwa juu ya shina mama la mche mwingine: mwembe dodo, na mparachichi ambao muuzaji aliniapia kwamba ni wa aina ya Hass. Hesabu yangu ilikuwa nyepesi. Miti yote miwili ni ya kijani mwaka mzima, yote inatoa kivuli na matunda, na wapo hata wanaoliita parachichi "embe mafuta". Basi nikaitunza kama mapacha: kila mmoja shimo la futi mbili, debe la samadi, na kila jioni mpira wa maji uleule, dakika zilezile.

Kumbe hata ukoo hawaingiliani. Mwembe asili yake ni Asia ya Kusini na ndugu yake ni mkorosho. Mparachichi umetoka Meksiko na Amerika ya Kati, na jamaa yake unayemjua jikoni ni mdalasini. Mmoja unazamisha mzizi chini kama mtu achimbaye kisima, mwingine unatandaza mizizi yake ya kulia chakula juujuu, sehemu kubwa haifiki hata futi mbili. Hayo niliyajua baada ya kuzika mti mmoja.

Mparachichi niliupanda kwenye kona ya chini ya uwanja, maji ya mvua yanakokimbilia, na kuzunguka shina nikauchongea kisahani ili maji yasipotee. Masika ya 2018 kisahani kile kikawa bwawa. Majani yakapauka, yakainama, ncha zikakauka. Mimi nikasoma kiu. Mvua ikikatika siku mbili nafungua bomba. Mwisho mti ukasimama mkavu kama ufagio, nikaung'oa kwa mkono mmoja, bila jembe. Mizizi ilikuwa myeusi. Ukiivuta, ganda linavuka na kubaki mkononi kama soksi iliyolowa, na harufu yake ni ya tope la mtaroni. Mzizi mzima wa mparachichi ni mweupe wa maziwa. Ule wangu ulioza kwa kukosa hewa, vimelea vya kuozesha mizizi vikamalizia, na dalili ya mzizi uliooza ni ileile ya mti wenye kiu: majani kunyauka. Ndiyo maana wengi tunaongeza maji kwenye mti unaozama.

Vuli ya mwaka huohuo nikaenda tena kwa muuzaji yuleyule (sijui kwa nini, labda ukaidi) nikachukua mwingine, naye akasema ni Hass tena. Safari hii sikuchimba shimo la maana. Nilikusanya udongo, mchanga na samadi iliyooza vizuri, nikainua tuta la kufika gotini, mche ukakaa juu kama mfalme. Maji nikaupa kidogo kidogo mara mbili kwa wiki, nikichomeka kidole kwanza. Kidole kikitoka na udongo ulioshikana, bomba halifunguliwi.

Tatizo jipya likatoka ndani ya nyumba. Mparachichi unapenda majani yake yabaki chini yake. Unapokaribia kutoa maua hupukutisha mengi ya zamani, na yale ndiyo blanketi la ile mizizi ya juujuu. Mke wangu naye amelelewa kwamba uwanja usiofagiwa ni wa nyumba iliyohamwa. Kila alfajiri nasikia chelewa, shwa, shwa, na nikitoka nakuta tuta limebaki uchi, mizizi myembamba inachungulia.

"Mama, hayo majani ni chakula chake."

"Na nyoka akijificha humo, atakuwa chakula cha nani?"

Tulibishana miezi. Tukaja kukubaliana kupanga mawe ya duara mita moja kutoka kwenye shina: ndani ya mawe ni kwangu, nje ni kwa chelewa. Na majani yasiguse shina lenyewe, yaache upana wa kiganja, maana nalo likikaa kwenye unyevu linaoza.

Huku nyuma mwembe ulikuwa unanenepa. Mwembe wa kubebeshwa huanza kuzaa mwaka wa tatu au wa nne, lakini 2020 ikapita bila hata ua moja. Kilichotoka ni machipukizi ya majani mapya, yale mekundu ya rangi ya shaba yanayoning'inia kama nguo mbichi. Mazuri kweli, ila hayaliwi. Mzee jirani yangu alipita jioni moja nikiwa nimeshika mpira. Nikamwamkia, akaitika, kisha akasimama kuutazama mti muda mrefu.

"Kijana wangu, huu mti unashiba kila siku. Aliyeshiba anatafuta nini?"

Akaniambia kuanzia mwezi wa tano nisiupe hata kikombe, wala samadi, mpaka nione maembe ya ukubwa wa goroli. Nilidhani ni maneno ya wazee. Lakini ndivyo mwembe ulivyo: unahitaji mapumziko, baridi ya Juni na Julai pamoja na ukame, ndipo unabadilisha mawazo kutoka kwenye majani kwenda kwenye maua. Mimi kwa bomba langu nilikuwa nauambia kila jioni kwamba bado ni masika. Mwaka 2021 nikafunga maji. Mwanzoni mwa Agosti mti ulivaa maua kuanzia kilemba hadi tawi la chini, na nzi na nyuki wakahamia.

Sehemu ya maua yalipigwa na ugonjwa wa ubwiri unga, ule unga mweupe ambao wakulima wa korosho wa kusini wanaujua kwa jina. Dawa ya salfa ilinisaidia, nilipiga asubuhi kabla ya jua kali. Yaliyobaki yakashika, na mwezi wa kumi na mbili tukala dodo zetu wenyewe. Karibu nusu yalikuwa na funza. Nje embe zuri, kisu kikiingia ndani linatetemeka. Ni nzi wa matunda aliyetoka Asia, ambaye kwa Afrika aligunduliwa kwanza Kenya mwaka 2003, kisha akasambaa. Sasa embe likianguka halilali chini: linaingia kwenye mfuko mweusi wa plastiki, nafunga kwa nguvu na kuuacha juani mpaka funza wafe. Ukiliacha chini, funza wanaingia ardhini na kutoka nzi wapya. Kazi hii nimewapa watoto, nao wanaipenda kuliko kuvuna. Wa mwisho alipata somo lake pia: alimenya embe bichi kwa meno, utomvu ukamchoma pembeni mwa mdomo, akawa na masharubu ya vidonda wiki nzima. Linalochunwa bichi linageuzwa kikonyo chini kwanza, utomvu udondoke, kisha linaoshwa.

Mparachichi wa pili ulitoa maua Agosti 2022, na hapo nikapata burudani ambayo mwembe haujawahi kunipa. Ua la parachichi linafunguka mara mbili. Siku ya kwanza ni jike, linafunga. Kesho yake linafunguka tena likiwa dume. Aina nyingine huanza kuwa jike asubuhi, Hass ikiwamo. Nyingine huanza mchana. Nikachukua kigoda, nikafunga uzi mwekundu kwenye kishada kimoja nisikipoteze. Asubuhi kilikuwa kimefunga. Saa nane mchana kikafunguka, kati kimesimama kijiti kimoja tu kilicho tayari, chavua bado. Jike wa mchana. Basi huyu si Hass.

Nilikuwa tayari nimeshavaa viatu kwenda kwa muuzaji. Kwa bahati nikainama kwanza kutazama shina. Kiganja kimoja kutoka kwenye udongo lipo kovu la kubebesha, na juu ya kovu kisiki kikavu cha unene wa penseli. Mti wote uliochanua ulitoka chini ya kovu. Miaka ile niliona chipukizi limetoka pale, likawa na nguvu, nikalifurahia. Lilikuwa la shina mama, likala chakula chote mpaka Hass ikafa, nami nikilinyeshea. Nikavua viatu.

Matunda yake ni makubwa, laini ganda, yanabaki ya kijani hata yakiiva, na mafuta si mengi. Kwa kachumbari ni mazuri, kwa mkate unatamani zaidi. Lakini aina za namna hii ndizo zinazovumilia joto la bondeni. Hass inastawi zaidi kwenye baridi, na walioko Njombe wanaijua raha yake. Ya kwanza niliyachuma mapema kwa pupa, yakasinyaa kabatini kama mpira wa baiskeli. Parachichi haliivi mtini, kwa hiyo sasa nachuma moja la majaribio. Likilainika ndani ya wiki bila kukunjamana, ndipo napandisha ngazi.

Mwenye uwanja wa mti mmoja tu akiniuliza, kwa huku kwetu namwambia mwembe, tena nausifia uvivu wangu: miezi kadhaa ya mwaka kazi yangu ni kuutazama. Kwa aliyeko Arusha au Tukuyu ningejibu kinyume. Mimi nina yote miwili, na mpira wa maji ni mmoja bado, ila tangu mwezi wa tano unaishia kwenye mawe ya mparachichi. Mgeni juzi aliuona mwembe una vumbi, majani yamelegea kidogo, akaninyooshea ndoo. Nikamwomba aiweke chini.