Wawili wawili

Jioni hii nilikuwa na Mama hapa Columbus, tunapitia maswali ya mtihani wa uraia wa Marekani.

Tukafika kwenye Seneti: kila jimbo maseneta 2, jumla 100.

"Wyoming wako watu wangapi?"
Hawafiki laki sita, Mama.
"Na California?"
Zaidi ya milioni 38.
"Na wote wawili wawili?"

Nikamweleza maafikiano ya Philadelphia, 1787, katiba ya Marekani ilipoandikwa. Majimbo madogo yalikataa kumezwa, yakapata Seneti. Makubwa yakapata Baraza la Wawakilishi, viti kwa idadi ya watu. (Kila watumwa watano wakahesabiwa kama watu watatu. Hilo nimeliweka kiporo.)

Mama kavua miwani, kaniangalia kana kwamba katiba nimeitunga mimi 😂

Mliopitia mtihani huu na wazazi, waliwabana kwa swali gani?