Donizetti wa Istanbul

Nimetoka sasa hivi kwenye mhadhara wa mwanahistoria wa muziki hapa Istanbul, na bado moyo unanidunda.

Mada: muziki wa Ulaya katika kasri la masultani wa Uturuki.

Mwaka 1826 Sultani Mahmud II alivunja jeshi la Janisari, na bendi yao ya ngoma na zumari ikavunjwa nalo. Akataka bendi ya Kizungu. Mwaka 1828 akaja Mwitaliano Giuseppe Donizetti kuifundisha; ni kaka mkubwa wa Gaetano, yule mtunzi wa opera. Akaishi hapa hadi alipofariki, 1856.

Lakini kilichonigusa ni hiki.

Wanafunzi wake hawakuzijua nota za Ulaya. Walizozijua ni alama za kuandikia muziki za Hamparsum, Mwarmenia wa mji huuhuu. Basi Donizetti akajifunza alama zao kwanza, ndipo akawafundisha zake.

Mtu aliyeitwa na Sultani mwenyewe, anaanza kwa kuwa mwanafunzi wa wanafunzi wake! Ndani ya feri nimewaza hilo tu.

Ndugu zangu mliosomea muziki, hasa wa taarabu: mlipata mwalimu aliyeanzia kwenye kile mlichokijua tayari? Nisimulieni, nasoma yote.