Nilivyoandika mwongozo wa vipengele vya majaribio, na ushauri nilioutupa

Wanaojiita wazoefu waliniambia kipengele cha majaribio, yaani sehemu ya programu inayotolewa itumike kabla haijakomaa, hakiandikiwi mwongozo. "Kitabadilika kesho, unajichosha bure." Nimeusikia ushauri huo kwa watengenezaji wengi wa programu huria, na kila nikiusikia napandwa na hasira. Mtumiaji hangoji mtu. Akiona kitufe atakibonyeza, mwongozo uwepo usiwepo.

Mimi si fundi wa msimbo wa kuogopwa. Katika programu yetu ndogo ya stoki za famasi, tunayoitengeneza watu wachache hapa Lubumbashi, Kongo, na wenzetu wa mji wa Likasi, kazi yangu ni mwongozo, kwa Kiswahili na Kifaransa. Kipengele kilichonitoa jasho ni cha bei za sarafu mbili. Anayeuza dawa hapa anajua shida yenyewe: unanunua kwa dola, unauza kwa falanga, pesa ya Kongo, na kiwango cha asubuhi huenda kisiwe cha jioni. Basi unaweka bei kwa dola, unaandika kiwango cha siku, na programu inakutolea falanga ikipandisha hadi mia inayofuata. Dawa ya senti 35, dola ikiwa falanga 2 800, inatoka 980, mteja anaambiwa 1 000. Hiyo falanga 20 ya kumrudishia utaitoa wapi?

Mwenzetu mmoja, mtu wa kupenda kusema "kwenye makampuni tunafanya hivi", alisisitiza ukurasa uanze na kisanduku chekundu: KIPENGELE HIKI NI CHA MAJARIBIO. LOLOTE LIKITOKEA NI JUU YAKO. Tukaweka. Kilikuwa kikubwa, chekundu kweli, kikiwa na alama ya mshangao upande wa kushoto. Mama mmoja mwenye famasi Katuba, mtaa wa hapa Lubumbashi, akakisoma, akazima kompyuta yote na kurudi kwenye daftari lake. Tulipokuja kupata habari alikuwa amejaza kurasa kadhaa kwa kalamu na wala hataki kusikia habari zetu. Kijana wa Ruashi, mtaa mwingine wa hapa, naye hakukiona kabisa, maana mwongozo hakuupitia. Rafiki yake alimtumia kwa WhatsApp picha ya dirisha la mipangilio, akaona mahali pa kutia tiki, akatia, kwenye data ya kweli, saa ya wateja. Kwa hiyo onyo letu lilimfukuza mwangalifu na likamkosa mwenye haraka, na mwenye kisanduku chake bado anasema tatizo ni watumiaji.

Nikaenda Katuba na Fanta baridi mkononi. Ukienda kumsumbua mtu kazini kwake usiende mikono mitupu; gharama yote, Fanta, taksi na megabaiti, haikufika dola tano nadhani. Nikamwomba mama asome ukurasa kwa sauti huku akifanya kila kinachosemwa, na mimi nisiguse kitu. Hapo ndipo penye kazi: mikono yako ikae mbali na kompyuta. Ukimwonyesha hata kitufe kimoja kwa kidole, umeshausaidia ukurasa wako mbovu.

Akasoma. Sehemu ya kiwango cha siku ilikwenda vizuri, ile ya kupandisha hadi mia akaicheka, "eh, hii munajua soko". Halafu akaweka Fanta chini.

"Sawa papa. Sasa deni ya watu munaifanya namna gani? Huyu alikopa wakati dola iko chini."

Ukurasa wangu ulikuwa na hesabu, ulikuwa na picha, tena picha nzuri. Deni halikuwemo. Nikampigia mwenzangu wa msimbo palepale, naye kimya. "Ngoja niangalie." Alipopiga tena alikuwa mpole sana: deni lilihifadhiwa kwa dola, hivyo lilikuwa linapanda pamoja na dola. Mtu amekopa dawa ya malaria ya falanga 5 000, anakuja Jumamosi kulipa anaambiwa 5 300, na hajui hata dola ina rangi gani siku hizi. Huo ni ugomvi wa mtaa mzima. Wakarekebisha: deni linabaki kwenye sarafu na kiasi cha siku lilipoandikwa. Kasoro hiyo majaribio yao yote ya msimbo hayakuiona, mwongozo wangu na mama wa Katuba ndio walioiona, na hilo nalikumbusha kila tukikutana.

Tangu hapo kila ukurasa wa kipengele cha majaribio naanza na mlango wa kutokea. Sentensi ya kwanza kabisa inaeleza namna ya kukizima, ya pili nini kinabaki ukishakizima: bei zinarudi zipi, risiti za jana zinasomekaje, deni linakuwaje. Na siandiki hata neno moja la hapo kabla sijakiwasha mwenyewe kwenye data ya uongo, nikauza, nikakopesha, nikazima, nikaangalia. Jinsi ya kukiwasha inakuja baadaye, na wala haihitaji maelezo mengi.

Nilizunguka pia kuona wakubwa wanafanyaje. LibreOffice, programu huria ya kazi za ofisi, wana mahali pa kutia tiki ili kuwasha vipengele vya majaribio, ndani ya Zana, Chaguo, sehemu ya mambo ya juu, na palepale wameandika kwamba huenda visiwe imara. Upau wao wa vichupo, unaopanga vitufe vya kazi kwa makundi juu ya dirisha, ulianzia humo kwenye toleo 5.3, mwaka 2017, ukatoka kwenye majaribio kwenye 6.2, mwaka 2019. QGIS, programu huria ya ramani, wanakuficha programu-jalizi (vipande vya kuongezea programu) za majaribio mpaka uombe kuziona, na tena wana wasifu wa mtumiaji: ukifungua wasifu mwingine, unaharibu mipangilio huko na ile yako ya kawaida inabaki salama. Hilo nimewaibia bila aibu. Kwetu sasa kuna "duka la mazoezi". Node.js, chombo cha kuendeshea programu za JavaScript, wanapanga kila kitu kwa namba, 0 ni kinachoachwa, 1 majaribio, 2 imara, na hiyo 1 wameigawa tena ili ujue kama kitu ni kichanga au kinakaribia kukomaa. Kisha kuna Git, chombo cha mafundi cha kutunza historia ya msimbo. Amri zao switch (kuhamia tawi lingine la msimbo) na restore (kurudisha faili ilivyokuwa) ziliingia toleo 2.23, Agosti 2019, na kwa miaka mingi mwongozo uliendelea kusema ni za majaribio na zinaweza kubadilika, wakati kila mtu alishazizoea. Kama hakuna anayepewa kazi ya kuliondoa, onyo linazeeka hapohapo na watu wanajifunza kutoliamini.

Sasa ujanja wangu, na huu ni wangu kweli. Yule kijana wa Ruashi alijifunza kwa picha ya WhatsApp, na wengi hujifunza hivyo. Basi onyo likae ndani ya picha. Niliwaomba wenzangu kichwa cha dirisha lenyewe kiandikwe "Majaribio", namba ya toleo na maneno "zima hapa" kando ya tiki, na kila bei iliyobadilishwa iwe na nyota. Walilalamika kwamba linapunguza uzuri. Wiki hizo hizo picha zikaanza kuzunguka, kila moja imebeba toleo lake. Mtu akitutumia picha akilia kwamba bei zimeharibika, simuulizi tena anatumia toleo gani. Nakuza picha, nasoma.

Kuhusu kisanduku chekundu, kimeondoka. Badala yake kuna faili moja ya maandishi inayoorodhesha vipengele vyote vya majaribio: kimeingia toleo gani, kinagusa data ipi, nani anakilea, na kitaamuliwa lini kukaa au kuondoka. Dirisha la mipangilio na ukurasa wa mwongozo vyote vinasoma hapo. Ukiongeza kipengele bila kukijaza kwenye faili hiyo, programu inakataa kuundwa kutoka kwenye msimbo. Fundi mmoja alijaza "data: hakuna" kwa kipengele kinachoandika upya risiti. Nilimrudishia na swali la mama wa Katuba, neno kwa neno.

Vinavyokufa navyo msivifutie kurasa. Usomaji wa msimbo-pau kwa kamera tuliuondoa kwa sababu simu nyingi za bei nafuu zilishindwa kusoma kwenye mwanga wa famasi, lakini watu bado wanautafuta kwa sababu picha zake bado ziko kwenye simu zao. Ukurasa upo: umeondolewa toleo gani, dawa ulizoingiza kwa kamera bado zimo kwenye orodha, na namba ya msimbo-pau unaiandika hapa kwa mkono.