Dakika Tano Baada ya Bao: Siku Moja ya Muuza Kahawa Mji Mkongwe

Jumatano ya tarehe 16 Aprili 2025 Arsenal walikwenda Bernabéu, uwanja wa Real Madrid, kumalizia robo fainali ya Ligi ya Mabingwa nao, wakiwa na mabao 3-0 ya mechi ya kwanza. Mimi ni Arsenal tangu utoto, na kazi yangu ni kuuza kahawa: asubuhi Darajani, alasiri mpaka usiku barzani, kibarazani wanapokaa watu kuzungumza, Mji Mkongwe wa Zanzibar. Siku kama ile hakuna mteja anayekunywa kikombe kimoja akaenda zake. Naandika ilivyokwenda kwa sababu kuna jambo moja la mpira nililibishania kutwa, na bado nalishikilia.

Saa 10 na nusu alfajiri

Mkaa ulikuwa umeshakolea, nikatia buni kikaangoni. Buni haitaki haraka. Unaigeuza kwa mwiko bila kuiacha. Kwanza inakuwa rangi ya majani makavu, halafu inaanza kupasuka, halafu inatoa mafuta na moshi unaowasha macho. Hapo hapo uiepue, maana ukichelewa uchungu wake unakuwa wa kuungua na wazee wanautambua kwa funda la kwanza. Mke wangu alikuwa upande wa pili anakata kashata za njugu.

Nilikaanga zaidi ya siku za kawaida. Mwezi wa Machi mechi hizi kwa saa zetu huanza saa 5 usiku, na nusu ya barza inakuwa imeshakwenda kulala. Ulaya wakishasogeza saa zao mbele Jumapili ya mwisho ya Machi, mpira unaanza saa 4. Kwangu saa moja hiyo ni dele zima, birika zima la kahawa.

Saa 1 asubuhi

Darajani mnada wa samaki ulikuwa umechangamka, chini maji na magamba. Sijaweka hata jiko sawa, mchuuzi mmoja wa changu, Madrid wa kufa, akanivaa.

"Umewaona Villa jana?"

Nimewaona. Usiku wa kuamkia siku ile Aston Villa walimtoa jasho PSG. Walikuwa nyuma kwa jumla ya mabao 5-1, wakaishia 5-4. Dortmund nao, waliofungwa 4-0 kule Barcelona, waliwafunga Barcelona 3-1, ingawa hayakutosha.

"Basi ndiyo hivyo, shekhe. PSG wametetemeka, Barcelona wametetemeka, na nyie leo zamu yenu."

Nikammiminia kikombe, nikamwambia angalia dakika, usiangalie mabao. McGinn wa Villa kafunga dakika ya 55, Konsa mwenzake dakika ya 57. Rudi nyuma kidogo. Anfield, kwao Liverpool, mwaka 2019, Liverpool wamefungwa 3-0 na Barcelona mechi ya kwanza: Wijnaldum dakika ya 54, Wijnaldum tena dakika ya 56. Njoo kwenu Bernabéu mwaka 2022. PSG wanaongoza, Benzema anafunga la pili dakika ya 76 na la tatu dakika ya 78. Nusu fainali na Manchester City mwaka ule ule, Rodrygo dakika ya 90, Rodrygo dakika ya 91. Mwaka 2024 na Bayern, Joselu dakika ya 88 na Joselu tena ndani ya nyongeza.

Mechi hizi hazipinduliwi na bao moja. Zinapinduliwa na la pili linalokuja mbio nyuma ya la kwanza, wakati mabeki bado wanalaumiana, kipa anaokota mpira wavuni na uwanja mzima unapiga kelele. Timu inayoweza kuvuka dakika tano baada ya kufungwa, inavuka.

"Kwa hiyo wakubali tunapindua?"

"Nakubali mnajua kupiga la pili. Nataka kujua Arsenal watafanya nini mkipiga la kwanza."

Akacheka, akalipa, akarudi kwenye meza yake ya samaki, na kila mteja aliyemfikia nilimsikia anamuuliza Arsenal au Madrid kabla hajamtajia bei.

Saa 5 asubuhi

Joto la masika, wingu zito, mvua haianguki. Mauzo madogo. Nikafunga, nikaenda nyumbani Jang'ombe kuosha vyombo na kutwanga kahawa ya jioni. Adhuhuri nikasali, nikala wali na mchuzi wa papa, nikalala.

Saa 10 na robo alasiri

Hii ndiyo saa yenyewe. Watu wanatoka msikitini baada ya sala ya alasiri, barza inajaa, dumna upande mmoja, mpira upande wa pili. Siku ile dumna lilikosa wachezaji.

Kwanza alizungumza ami mwenye duka la vitambaa. Ami ni Arsenal wa zamani, wa enzi za uwanja wa Highbury, na hesabu yake ilikuwa nyepesi: "Tukipata moja tu kule, wao wanataka matano. Mchezo umekwisha." Kijana wa bodaboda akamwambia kwa adabu, "Ami, bao la ugenini halihesabiwi tena mara mbili. UEFA wameliondoa mwaka 2021. Wakitufunga 4-1 tunakwenda dakika 30 za nyongeza." Ami hakuipenda habari ile. Alinyamaza kidogo, akasema basi wametuharibia mpira. Mimi simlaumu. Sheria ile ilikuwa inampa mgeni sababu ya kushambulia, na sasa kocha mwoga hana anachopoteza akikaa nyuma dakika 90.

Na hapo ndipo barza ilipogawika. Fundi saa alitaka Arsenal wapaki basi, yaani wote warudi nyuma kulinda. Sababu zake hazikuwa za kijinga: beki Gabriel hayupo, ameumia, na mahali pake anacheza Kiwior. Ukipanda juu, nyuma ya Kiwior kuna uwanja mtupu, na anayeukimbilia uwanja ule ni Mbappé. "Kaeni nyuma, mkae wanane, wao Madrid wapige krosi mpaka wachoke."

Babu mmoja, mwalimu mstaafu, akaniomba vikombe vyangu. Ninavyo vidogo visivyo na mkono, vya kauri, na mzee yule akishaviomba huvipata. Akavipanga juu ya sakafu ya barza. Viungo wa Arsenal kwanza: kikombe kimoja Partey, kimoja Rice, kimoja mbele yao kidogo Ødegaard. Upande wa Madrid akaweka Tchouaméni na Bellingham, akanyoosha kidole: "Camavinga amekula nyekundu London, hayupo. Kroos amestaafu. Nani anapiga pasi ya kwanza ya Madrid? Hapa katikati pana shimo. Sasa wewe wataka kumwachia mpira mtu mwenye shimo katikati yake? Mpe mpira akae nao, utamfundisha kuutumia."

Kisha akakisogeza kikombe cha Martinelli, winga wetu wa kushoto, mpaka ukingoni. Carvajal ni majeruhi tangu Oktoba, kwa hiyo kulia kwa Madrid atacheza Lucas Vázquez, ambaye miguu yake si ya kukimbizana na Martinelli. "Kila wakipanda, mpira upigwe hapa." Na kidole chake kikagonga sakafu nyuma ya kikombe cha Vázquez.

Mie nikaongeza la krosi. Fundi saa anasema wapige krosi mpaka wachoke, sawa, lakini hiyo yenyewe ni dalili: Joselu ameshaondoka, na ndani ya boksi la Madrid hakuna namba tisa, mshambuliaji wa kati, wa kupiga kichwa. Vinícius, Mbappé na Rodrygo wote wanataka mpira mguuni, na wawili wa kwanza wanataka upande ule ule wa kushoto. Timber, beki wetu wa kulia, asipande peke yake, Saka arudi kumsaidia, halafu waacheni wabanane.

Wa Madrid hawakuwa kimya wakati wote huo. Mmoja, baharia wa boti za Dar, alisema tunazungumza vikombe wakati Bernabéu haichezewi na vikombe. "Remontada, kupindua matokeo, haina namba sita wala namba nane za kiungo. Mwaka 1975 Derby County walitufunga 4-1, wakaja kwetu wakala tano." Kweli, 5-1 baada ya muda wa nyongeza. Kisha akatuletea mfano wa nyumbani, na huo ulinyamazisha watu: Jumatano iliyopita tu, Simba walikuwa nyuma 2-0 kwa Al Masry, wakairudisha 2-0 kwa Mkapa, wakashinda penalti 4-1. "Na Jumapili wanakuja kucheza nusu fainali hapa hapa Amaan na Stellenbosch. Kama hamwamini kupindua, mnakwenda Amaan kufanya nini?"

Nilimjibu, na nilimaanisha. Al Masry walifungwa mapema wakarudi nyuma, wakaacha kucheza. Arsenal wakifungwa wasirudi nyuma. Mpira uende kwa kipa Raya, arudishe kwa beki Saliba, Rice achukue faulo, mtu alale chini afunge kamba za kiatu. Dakika tano za kuudhi, kelele zishuke, ndipo waanze upya.

"Huo si mpira," akasema baharia.

Ni mpira. Anayeona kupunguza kasi ni woga hakumwona Modric akifanya kazi hiyo hiyo kwa Madrid miaka yote ile.

Wakati huo vikombe vyote vilikuwa uwanjani na wateja wamesimama wanangoja. Ilibidi nimwondoe Rüdiger ili ami apate kahawa yake.

Saa 12 na nusu magharibi

Sala, mkaa mpya, dele la pili. Manyunyu kidogo. Vijana wakafunga turubai juu ya televisheni na kuvuta waya kutoka nyumba ya jirani.

Saa 3 usiku

Vikosi vilikuwa vimeshatoka. Babu alipatia: Vázquez kulia, na Valverde kapelekwa kiungo. Kwetu Kiwior na Saliba, Lewis-Skelly beki wa kushoto. Ami akakumbusha mwaka 2006, Thierry Henry alipowapita watu wa Madrid pale pale Bernabéu akafunga, tukashinda 1-0 na kuwatoa. Lewis-Skelly wakati ule hajazaliwa. Amezaliwa Septemba ya mwaka ule. Nilipenda sana ami alivyolisema, kwa fahari, na vijana wakanyamaza kumsikiliza.

Saa 4 usiku

Barza haikuwa na pa kuweka mguu. Mapema tu Merino kashikwa na Asencio kwenye kona, VAR (waamuzi wa video), penalti. Saka akaichonga taratibu katikati na kipa wao Courtois akaiokoa. Upande wa Madrid walipiga kelele utadhani wamefunga. Punde mwamuzi akawapa wao penalti, Rice kamshika Mbappé, halafu VAR ikaangalia dakika chungu nzima na penalti ikafutwa. Katika muda ule sikuuza hata kikombe. Mikono yote ilikuwa kichwani.

Mapumziko 0-0. Fundi saa na babu waliulizana nani kapatia. Arsenal hawakupaki basi wala hawakupanda ovyo. Walikabia katikati, na Madrid walipiga krosi juu ya krosi, zote za Saliba na Kiwior.

Dakika ya 65 Merino akampenyezea Saka, Saka akaunyanyua mpira juu ya Courtois. Sijui nani alinikumbatia. Ilikuwa 4-0 kwa jumla na watu wetu wameanza kuimba, na mimi nilikuwa napiga kelele "Tulieni! Tulieni!" kwa sababu dakika tano zile zinamhusu na aliyefunga. Dakika ya 67 Saliba akalala na mpira mguuni, Vinícius akamnyang'anya, wavu mtupu, 1-1. Baharia akasimama juu ya kigoda.

Dakika zilizofuata nataka nizieleze vizuri, maana ndizo nilizozisubiri tangu asubuhi. Saliba aliomba mpira tena. Raya akampa tena. Akaupiga kwa Partey, Partey kwa Ødegaard, Ødegaard akauzungusha mwili, akachezewa rafu, akachelewa kuinuka. Hakuna aliyekimbilia mbele. Dakika ya 70, 71, 72, na kelele za Bernabéu unazisikia kabisa kwenye televisheni zinavyoshuka. Babu alinishika bega, hakusema kitu. Mbappé akatoka dakika ya 75, ameumia. Baharia akashuka kwenye kigoda.

Dakika za nyongeza Merino tena, safari hii kwa Martinelli, na Martinelli alikimbia peke yake mpaka kwa Courtois akamaliza. 2-1, jumla 5-1.

Saa 6 usiku

Baharia alikuja mwenyewe kunipa mkono. "Hongereni. Mmecheza." Nikamkatia kashata, sikuchukua pesa yake. Ana boti alfajiri lakini hakuondoka, kwa sababu mjadala ulikuwa umeshahamia nusu fainali: PSG, London kwanza, tarehe 29 Aprili, na Partey asingekuwemo kwa kadi ya njano aliyoipata usiku ule. Fundi saa alitaka Merino abaki mbele na kiungo kitafutwe pengine. Babu alisema Rice ashuke namba sita, Merino arudi kiungo, Trossard asimame mbele. Mie nilikuwa na babu, kwa sababu PSG wa wakati ule hawakuwa na shimo katikati kama Madrid. Kiungo wao Vitinha ukimwachia nafasi amekumaliza. Ami alitaka aandikiwe kwenye karatasi ili asije akabishiwa siku hiyo. Karatasi iko kwangu, na dele liko motoni kila siku kuanzia saa 10 alasiri.